Msonobari unapogeuka njano: usikimbilie kukata kilele wala kuongeza mbolea

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba msonobari ulioupanda karibu na ukuta miaka michache iliyopita umeanza kuwa njano na kudondosha sindano, na kwamba umeshauriwa kuukata kilele na kuumwagia mbolea ya viwandani. Nimeitunza miti hii bustanini kwa muda mrefu, na ningekuomba uache yote mawili mpaka utakapochunguza ni sindano zipi zinazobadilika rangi.

Sindano za msonobari hazidumu maisha yote ya mti. Kwa aina nyingi huishi kati ya miaka 2 na 4, kisha hukauka na kupukutika, zikianza zile kuukuu zilizo upande wa ndani wa matawi. Kwa hiyo, ikiwa ncha za matawi bado ni za kijani na zinatoa machipukizi, mti wako hauumwi. Mikanda myekundu inayoikata sindano katikati ni jambo jingine: hiyo ni dalili ya kuvu aitwaye Dothistroma, anayeisumbua sana Pinus radiata, aina moja ya msonobari, penye unyevu mwingi, na hapo itakubidi uondoe sindano zilizoanguka na kupunguza msongamano ili hewa ipite.

Njano ikiwa kwenye sindano changa za nchani, mimi huanzia ardhini. Miti mingi ya jamii hii hupenda udongo wenye asidi kidogo, takriban 5.5 hadi 6.5 kwenye kipimo cha asidi kiitwacho pH, ilhali kandokando ya kuta aghalabu hufukiwa mabaki ya saruji na chokaa, ambayo hupunguza asidi hiyo na kuufanya mti ushindwe kufyonza madini ya chuma hata kama yamo tele udongoni. Chimba kidogo ujionee. Angalia pia kama maji yanatuama: jaza shimo maji, na yakiwa bado yapo kesho yake, basi mizizi inakosa hewa, na mbolea haiwezi kuitibu kasoro hiyo.

Jambo ambalo wauza miche hawalisemi mara nyingi ni kwamba mizizi ya msonobari huishi kwa ushirika na kuvu wa udongoni, ambao huifikishia maji na fosforasi nayo ikawapa sukari. Misonobari ilipopelekwa katika nchi za kusini mwa ikweta ambako haikuwa na asili, miche mingi ilidumaa mpaka udongo wenye kuvu hao ulipoletwa vitaluni. Ndiyo maana nikipanda huchanganya shimoni udongo kidogo kutoka chini ya msonobari mkubwa usio na ugonjwa. Mbolea nyingi yenye fosforasi hudhoofisha ushirika huo, nami siitumii kabisa.

Kuhusu kilele, ushauri uliopewa siukubali hata kidogo. Msonobari hauchipui tena kwenye tawi kuukuu lisilo na sindano, na ukipoteza kilele, matawi ya pembeni hugombania nafasi yake hadi mti unakuwa na panda dhaifu zinazopasuka kwa upepo. Anayetaka kuupunguza kasi huvunja kwa vidole nusu ya kila chipukizi jipya lililosimama wima, kabla sindano zake hazijafunguka.

Swali ambalo hukuuliza, lakini ndilo zito zaidi, ni huo ukuta. Msonobari wa aina ya Pinus patula hufikia mita 30, na utomvu wake hushika moto upesi. Iwapo mti uko mita chache tu kutoka kwenye nyumba, ningeung'oa sasa ungali mdogo, kisha nipande mche mpya mbali, juani, badala ya kuuhamisha huo, kwani msonobari uliokwisha kushika ardhi huvumilia uhamisho kwa nadra. Chagua mche ambao mizizi yake haijajizungusha ndani ya kiriba (mfuko wa kuoteshea miche), usifukie shina kupita usawa lililokuwa nao kitaluni, na weka matandazo bila kuyagusisha na gome. Katika mwaka wa kwanza, mwagilia kwa wingi lakini kwa nafasi, ukisubiri udongo wa juu ukauke kwanza.