Swila wa majini ana kazi gani ziwani?

Ndugu, umeuliza swila wa majini wa Ziwa Tanganyika ana faida gani, mbona tusiwamalize wote. Yule chakula chake karibu chote ni samaki. Anapiga mbizi, anapenyeza kichwa kwenye nyufa za mawe ambamo samaki wakubwa hawapiti, anamtoa aliyejibanza humo. Pumzi anayo kwelikweli, hukaa chini hata dakika 10. Sumu pia anayo, tena kali, ila akikuona kwa kawaida ni yeye anayekimbia. Mwache apite zake.

Kobe wa majini uliyemtaja hapohapo ni mambo mengine, huyo ni mfagizi. Samaki aliyekufa, konokono, chura, vyote halali yake. Wale wa madimbwi wameonekana Afrika Kusini wakimnyofoa kupe kifaru aliyejilaza kwenye matope, na kifaru katulia tu! Dimbwi likikauka, kobe hujifukia topeni akangoja mvua.

Halafu usimwite kasa. Kasa ni wa baharini, na miguu yake imekuwa makasia.