Nendeni mkaiage nyumba kabla greda halijafika

Nyumba ya ukoo ikishapigwa X nyekundu ya kubomolewa, mazungumzo yote ya ukoo huhamia kwenye fidia. Nani kasaini, akaunti ni ya nani, mthamini kahesabu miti mingapi. Ni haki yenu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe haraka, na ndani yake zimo posho za usumbufu na usafiri. Fuatilieni. Lakini tengeni pia siku ya kwenda kuiaga nyumba yenyewe, tena mapema, kabla watu hawajaanza kung'oa milango.

Sisi tuliaga tembe la babu, upande wa Veyula. Lilikuwa limeangukia kwenye njia ya barabara ya mzunguko wa nje, ile ya kilomita 112 inayolizunguka Jiji la Dodoma kupitia Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu. Babu alihamia hapo mwaka 1971, wakati wa Operesheni Dodoma, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, akajenga kama alivyojua: kuta za miti na udongo, paa bapa la udongo, ua katikati ambako ng'ombe walilala. Hata bodaboda walielekezana kwa hilo: "Ukifika tembe, kata kushoto."

Kwanza kabisa, mwacheni mkubwa wenu atangulie. Wenye simu tulishaanza kupanga watu mstari wa picha. Shangazi akatupita, akainama mlangoni (kwenye tembe huingii wima), akasema "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, ndani ya nyumba tupu, kisha akaenda moja kwa moja kwenye nguzo iliyokuwa nyeusi tii kwa moshi. Akaipapasa. Usawa wa kiuno palikuwa na mikato ya panga, mingine mifupi, mingine mirefu. Babu hakujua kuandika, na njaa ya 1974 ilipobana, kila aliyekopa uwele alikatiwa alama yake pale.

"Huu mrefu ni wa wale wa ng'ambo ya korongo," shangazi akasema. "Mwanangu, hawajalipa mpaka leo."

Wengi wetu tulikuwa tumeegemea nguzo ile utoto mzima.

Halafu pikeni humo humo. Msibebe chakula cha hotelini wala jiko la gesi. Tulikwenda na unga wa uwele, mlenda mkavu na karanga, tukakoka kuni. Watoto waliokulia mjini, Area C, walilalamika moshi unawawasha macho, acheni walalamike. Watu wakipangwa kwa picha hunyamaza, wakisonga ugali husema. Baba mdogo na shangazi waligombana kweli kweli kuhusu ndama walilala upande gani, na ubishi ule ndio uliotupa nyumba nzima ilivyokuwa, chumba kwa chumba. Rekodini sauti, simu iwekwe pembeni isahaulike.

Chukueni pia futi kamba. Picha haisemi mlango ulikuwa na kimo gani. Mmoja apime, mwingine achore, basi.

Makaburi yapangieni siku yake. Yana taratibu zake chini ya Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, na lazima mwende na wazee wanaoyajua, maana ya zamani huku kwetu mengi ni mawe tu, hayana jina. Ukichanganya na siku ya kuaga nyumba, hakuna atakayekula.

Vya kuchukua, ulizeni kwanza kama mnaruhusiwa, kisha apewe mwenye pa kuweka. Kila mtu alitaka jiwe la kusagia mpaka lilipofika wakati wa kulibeba. Sasa liko Nkuhungu kwa baba mdogo.

Kama ni tembe, nendeni kiangazi, kati ya Juni na Septemba. Paa la udongo lisipoongezewa udongo kabla ya masika huvuja, miti huoza, na mchwa humalizia. Kwa hiyo watoto wasipande juu. Wetu walipanda hata hivyo, na aliyekuwa akiwaonyesha pa kukanyaga ni baba mdogo mwenyewe.