Kuanzisha asasi ya uandishi ukiwa kazini na masomoni: hesabu saa kwanza

Wengi wanaoniuliza namna ya kuanzisha asasi ya kukuza uandishi huanzia kwenye usajili: katiba iandikweje, wajumbe wa bodi wawe wangapi, nembo ichorwe na nani. Nami nilianzia hapo hapo. Nilikuwa nimeajiriwa siku tano za wiki, jioni nikisomea shahada ya pili, na kwa miezi minne ya mwanzo nilitumia karibu kila Jumamosi kuandaa nyaraka za asasi ambayo ilikuwa bado haijamsomea mtu hata aya moja. Leo ningeshauri kinyume chake. Asasi ya namna hii ikatwe kwa kipimo cha saa ulizo nazo kweli, hata kama shauku yako ni kubwa kuliko saa hizo, kwa sababu huduma yake yote imesimama juu ya jambo moja linalokula muda na lisiloweza kuharakishwa, nalo ni mtu kukaa na maandishi ya mwenzake, kuyasoma kwa makini, na kumrudishia maoni yatakayomwezesha kuandika upya.

Chukua karatasi uandike saa zote za wiki, ambazo ni 168. Nilipofanya hivyo, nilitoa saa 49 za kulala, 40 za kazi, 10 za kwenda kazini na kurudi, 12 za vipindi vya chuo na 14 za kujisomea na kuandika kazi nilizopewa na walimu. Zikabaki 43. Ndani ya hizo kulikuwa na kupika, kufua, kuwatazama wazazi, ibada, wagonjwa wa kwenda kuwajulia hali, na kukaa tu na watu ninaowapenda. Na kila nilipojaribu kuzibana zikawa chini ya 35, jambo fulani la nyumbani liliharibika kabla mwezi haujaisha. Kwa hiyo asasi ilikuwa na saa nane kwa wiki. Hesabu yako itatofautiana na yangu, lakini usikubali kuianza kazi hii bila kuiandika, na usijipunguzie usingizi katika karatasi ili namba ya mwisho ipendeze.

Baada ya hapo piga hesabu ya pili, ambayo ndiyo itakayoamua ukubwa wa asasi. Kusoma hadithi ya maneno elfu moja mara mbili, kisha kuandika maoni yenye maana, hunichukua dakika 40. Watu 12 wakileta kazi kila wiki, saa zote nane zimekwisha na hakuna hata dakika ya kukutana nao. Hivyo tulipanga sita walete wiki hii na sita wiki inayofuata. Kusoma kukachukua saa nne, kikao cha pamoja saa mbili, na mbili zilizobaki zikawa za barua, za fedha na za dharura. Kundi likawa na watu 12, na aliyekuja wa 13 aliwekwa kwenye orodha ya kusubiri. Kumwambia mtu mwenye hamu ya kuandika kwamba asubiri muhula ujao ni jambo linaloumiza, na sijawahi kulizoea, ila najua kinachotokea usipomwambia.

Najua kwa sababu nilikwisha kukifanya. Kabla ya hesabu hizi nilitangaza kwamba yeyote anayeandika alete kazi yake, na kwamba angerudishiwa maoni ndani ya wiki moja. Zikaja kazi 47, katika majira yale yale ya mitihani yangu na ya kufunga hesabu za mwaka kazini. Miongoni mwake lilikuwamo daftari lenye jalada la plastiki, ambalo ndani yake hadithi iliandikwa kwa penseli, kwa herufi ndogo zilizonyooka. Katika kila ukurasa mwandishi alikuwa amepiga mstari kwa rula upande wa kulia akaacha nafasi pana, na juu ya nafasi ile ameandika: “Nafasi ya maoni.” Kurasa thelathini na kitu, na zote zilikuwa zimepigwa mstari. Nilimrudishia daftari lile baada ya wiki 11, nikiwa nimeandika maoni katika kurasa nne tu. Aliniambia asante kwa adabu, akalifungua, akalifunga, na hakuleta kazi tena. Nimefanya makosa mengine katika safari hii, lakini hilo ndilo ninalolikumbuka kila ninapotaka kutoa ahadi.

Kwa hiyo tangaza muda mrefu kuliko unaouhitaji. Ukiona unaweza kurudisha kazi kwa wiki mbili, sema tatu. Chukua kalenda ya chuo na kalenda ya kazini, uziweke pamoja, utie alama wiki za mitihani, za kuwasilisha kazi kubwa na za shughuli nyingi ofisini, kisha ufunge asasi katika wiki hizo waziwazi, kwa tangazo lililotolewa mwanzoni mwa muhula. Sisi tulikaa kwenye mihula ya wiki kumi yenye mapumziko kati yake. Nilidhani washiriki wangevunjika moyo. Kumbe walichokuwa wakikihitaji ni kujua tarehe, na wengi walitumia mapumziko kumaliza kazi walizozianza.

Usajili utakuja, na una wakati wake. NaNoWriMo, ile changamoto ya kuandika maneno 50,000 ya riwaya ndani ya mwezi mmoja, ilianza Marekani mwaka 1999 kwa watu 21, na shirika lenyewe lisilolenga faida liliundwa miaka kadhaa baadaye, shughuli ikiwa tayari imekwisha kuwapata watu wake. Shirika hilo lilitangaza kufungwa mwaka 2025, na bado wako watu wanaokutana kuandika kwa utaratibu ule ule waliouzoea. Nalitaja hili ili uone kwamba shughuli na chombo cha kisheria ni vitu viwili. Endesheni kundi kwa mihula miwili kwanza. Mkifika mahali ambapo mnahitaji akaunti ya benki kwa jina la asasi, au mkataba wa pango, au fedha za wafadhili, au ruhusa ya kufanya kazi na wanafunzi shuleni, hapo usajili umekuwa na kazi ya kufanya.

Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, lakini maswali yanayoulizwa hufanana sana: lengo la asasi ni lipi, nani wanaowajibika, ziada ya fedha inakwenda wapi, na mali itakabidhiwa kwa nani asasi ikivunjwa. Kutolenga faida hakuna maana ya kufanya kila kitu bure. Maana yake ni kwamba ziada haigawanywi kwa waanzilishi, bali inarudi kwenye shughuli. Jambo ambalo wengi hawalipigii hesabu ni kwamba usajili huzaa wajibu wa kila mwaka, yaani taarifa, hesabu na ada. Ziongeze kwenye zile saa nane, kisha uangalie kama zinatosha.

Fedha zitenganishwe tangu siku ya kwanza, hata zikiwa kidogo. Ukilipia uchapaji kutoka mshahara wako, andika siku hiyo hiyo kama ni mchango au ni mkopo, kwa sababu baada ya mwaka mmoja hutakumbuka, na wenzako hawatakuwa na njia ya kujua. Bahasha moja ya risiti kwa kila mwezi, watu wawili wa kuidhinisha malipo, na daftari la mapato na matumizi linalosomwa mbele ya wote mwisho wa muhula, vilitutosha kwa miaka ya mwanzo.

Kazini, soma mkataba wako wa ajira kabla hujatangaza lolote, uone unasema nini juu ya shughuli za nje. Kisha mwambie msimamizi wako. Niliogopa mazungumzo hayo kwa miezi mingi, na yalipofika yalichukua dakika kumi: aliuliza kama shughuli ingegusa saa za kazi, na kama tungeomba fedha kwa wateja wa ofisi. Nilijibu hapana kwa yote mawili, nikaliandika jibu hilo katika barua, na tangu hapo sikutumia kompyuta ya ofisi wala mashine yake ya kuchapisha kwa ajili ya asasi, hata karatasi moja.

Chuoni kuna kishawishi cha kuugeuza mradi kuwa kazi ya darasa, na mara nyingine inafaa, ila lisifanyike kimyakimya. Zungumza na mhadhiri anayekusimamia, na wala usiyachukue maandishi ya washiriki kuwa data ya utafiti bila idhini yao. Walikuletea wakitafuta msomaji. Ukitaka kuwachunguza, wana haki ya kujua na kukataa, na akikataa mtu asipoteze nafasi yake katika kundi.

Hilo linaniingiza kwenye hakimiliki, ambayo waanzilishi wengi huikumbuka siku kitabu cha mkusanyiko kiko kwa mpiga chapa. Chini ya Mkataba wa Berne, uliotiwa saini mwaka 1886 na ambao nchi nyingi za dunia ni wanachama wake, kazi hulindwa bila mwandishi kuhitaji kuisajili. Hadithi iliyoandikwa kwenye kikao chako ni mali ya aliyeiandika. Andaa ukurasa mmoja wa idhini kwa lugha nyepesi, unaoeleza kazi itachapishwa wapi, kwa mara ngapi, kama kuna malipo, na kwamba haki zinabaki kwake. Akiwa mtoto, mzazi au mlezi atie saini, na mtoto mwenyewe aulizwe. Tukiwa kwenye habari za watoto, weka kanuni isiyo na msamaha kwamba hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto, na hakuna anayemwandikia ujumbe wa faragha.

Sasa niseme juu ya wajitolea, maana hapa ndipo asasi inapopona au kufa. Mtu wa kwanza kumtafuta ni yule anayetunza kumbukumbu vizuri, hata kama haandiki hadithi: anayejua kazi ipi imeingia lini, iko kwa nani, na inarudi lini. Wa pili ndio wasomaji, na hao wanahitaji kufundishwa, kwa kuwa mtu aliyesoma sana hukimbilia kusahihisha. Sisi tuliwapa wasomaji watatu kazi moja, kila mmoja akaandika maoni yake peke yake, kisha tukayalinganisha mezani. Mmoja alikuwa amerekebisha nukta na mikato hamsini. Mwingine alisifu tu. Wa tatu aliishia kwenye sentensi moja ya mwandishi, “Mama alifungua mlango akalia,” akaandika pembeni, “Aliona nini kabla ya kulia?” Mwandishi alirudi baada ya wiki mbili na kurasa tatu mpya, zote zimetoka kwenye swali lile. Tangu siku hiyo tukakubaliana kwamba maoni yaanze kwa kueleza msomaji ameelewa nini, yafuatwe na swali moja la kweli, kisha jambo moja la kurekebisha. Kosa la sarufi linalojirudia hutajwa mara moja, kwa mfano mmoja. Kazi humchukua msomaji dakika zile zile 40, lakini mwandishi anaondoka akiwa na la kufanya.

Mtindo wa mtu kwa mtu si uvumbuzi wetu. Asasi ya 826 Valencia, inayowasaidia watoto na vijana kuandika, iliyoanzishwa San Francisco, Marekani, mwaka 2002, inajulikana kwa kumkalisha mwanafunzi na mjitolea mmoja mbele ya maandishi yake, na sababu ya kufaa kwake ndiyo ile ile: muda wa mtu mzima aliyetulia haupatikani kwa urahisi katika darasa lenye watoto wengi. Ukipata wajitolea wawili wenye saa mbili kila mmoja, umepata nafasi ya kazi sita zaidi kwa wiki. Ongeza washiriki kwa hesabu hiyo, na usiongeze kabla wajitolea hao hawajamaliza muhula mzima.

Linda pia saa moja ya kuandika kazi zako mwenyewe, uiweke ndani ya zile 35 za maisha yako, usiikate kwenye asasi wala kwenye usingizi. Nilikaa miezi tisa bila kuandika, na maoni yangu kwa washiriki yakaanza kufanana, kwa sababu nilikuwa nimesahau ugumu wa ukurasa mweupe.

Mwisho, andaa kuondoka kwako mapema. Wakati wa kuandika tasnifu nilijitoa kwa wiki 12, na kundi liliendelea kwa sababu ya daftari moja gumu ambalo mtunza kumbukumbu wetu alikuwa amelijaza pole pole tangu muhula wa kwanza. Ukurasa wake wa mwanzo unaonyesha nani ana ufunguo wa chumba na nani ana wa akiba, kazi zinapokewa siku gani na zinarudi siku gani, simu ya mweka hazina, na majina ya wanaosubiri, yakiwa yamepangwa kwa tarehe waliyokuja. Chini kabisa ameacha mistari mitano mitupu, na niliporudi nilikuta miwili imejazwa kwa mwandiko nisioufahamu.