Utando wa kaboni: usiulize nyuzi joto peke yake

Wanafunzi wanaoanza kutengeneza tando za kaboni, yaani vichujio vyembamba vya kutenganisha gesi, huniuliza swali moja kabla ya yote: "Nipashe hadi nyuzi ngapi?" Wana haki ya kuuliza, ila jibu la namba moja litawapoteza. Nimefanya kazi na matanuri haya kiasi cha kuamini kwamba mwendo wa kupandisha joto, na hewa iliyomo ndani ya bomba la tanuri, vina uzito uleule wa kilele chenyewe, yaani joto la juu kabisa unalofikia.

Unachukua utando wa polima, tuseme poliimidi, plastiki inayohimili joto kali, unaupasha mahali pasipo na oksijeni, mara nyingi kati ya nyuzi 500 na 900 za Selsiasi. Mchoma mkaa anapolifukia tanuri lake kwa udongo anafanya jambo hilohilo: anaunyima mti hewa usije ukawa majivu. Polima inavunjika, gesi zinatoka, na vinavyobaki ni vipande vidogo mno vya kaboni visivyokaa kwa mpangilio. Nafasi zilizo kati yake ndizo vitundu vyetu. Ukitaka kusafisha biogesi, hewa ya ukaa ipite na methani ibaki, kumbuka kwamba molekuli ya kwanza ina kipenyo cha nanomita 0.33 hivi na ya pili 0.38. Utando wako unatakiwa kuijua tofauti hiyo ndogo.

Kadiri kilele kinavyopanda, tuseme kutoka 550 hadi 800, vitundu hubana. Utando huchagua gesi vizuri zaidi, lakini hupitisha kidogo. Kwa hiyo amua kwanza unatenganisha gesi zipi. Oksijeni na naitrojeni zimekaribiana mno, nanomita 0.346 kwa 0.364, na hapo joto la juu lina faida. Kwa hewa ya ukaa na methani unaweza kubaki chini kidogo ili usipoteze wingi wa gesi inayopita.

Sasa mwendo. Ukipandisha joto haraka, gesi za ndani hutoka kwa kishindo na kuacha malengelenge na nyufa. Ufa mmoja mwembamba unatosha kuharibu kila kitu, maana gesi zote zitapita humo bila kuchaguliwa. Kausha kwanza kiyeyushi chote, kile kimiminika kilichoyeyusha polima ulipotengeneza utando. Kisha pima jinsi sampuli inavyopungua uzito kadiri joto linavyopanda, ujue polima yako inaanza kuvunjika wapi. Poliimidi nyingi hupungua kwa kasi kwenye nyuzi 500 na kuendelea. Kabla ya hapo unaweza kwenda upesi kiasi. Ukikaribia, mimi nakushauri nyuzi 1 kwa dakika, hata kama foleni ya tanuri ni ndefu. Wanaotumia nyuzinyuzi za polima zenye uwazi katikati, kama mirija myembamba, badala ya utando bapa, wana tahadhari ya ziada: polima ikilainika kabla ya kugeuka kaboni, kuta zake hubonyea na tabaka lake la vitundu hujifunga.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni hewa. Timu ya William Koros, ya Georgia Tech nchini Marekani, ilionyesha kwamba oksijeni ya sehemu chache tu kwa milioni inabadili tabia ya utando. Maana yake ni kwamba mpira uliochakaa kwenye kifuniko cha bomba unaweza kukupa utando tofauti kabisa na wa mwenzako, ingawa mmefuata ratiba ileile ya joto. Weka kipimo cha oksijeni kwenye njia ya kutokea gesi, subiri kitulie, ndipo uwashe. Andika pia kasi ya naitrojeni au agoni, gesi unayoipitisha bombani kufukuza oksijeni. Ikipita polepole, mabaki ya polima hukawia ndani na yanaweza kuziba vitundu. Ukipasha ndani ya ombwe, yaani gesi zote zikiwa zimenyonywa bombani, unapata utando wa aina yake: kwa kawaida hubana zaidi na huchagua zaidi.

Muda wa kukaa kileleni una athari ndogo zaidi. Saa 2 ni mwanzo mzuri. Usifungue bomba likiwa moto, maana kaboni ya moto ikikutana na hewa inaungua.

Ukishautoa, pima siku hiyohiyo. Mvuke wa maji na oksijeni ya hewani huingia kwenye vitundu, na upitishaji hushuka. Sampuli zinazosubiri kupimwa zihifadhi ndani ya naitrojeni kavu, na kwenye kibandiko andika kilele, mwendo, gesi na kiwango chake cha oksijeni.