Maswali ya Wasomaji: Tawi Jipya, Mtambo Uleule wa Simu

SWALI: Tunauza vipuri vya magari Kariakoo. Ofisini tuna mtambo wa simu za intaneti wa Asterisk wenye simu kumi na mbili. Sasa tunafungua tawi Arusha lenye meza nane. Fundi mmoja anataka tununue mtambo wa pili. Mwingine anasema inatosha kufungua mlango wa 5060 (namba ambayo ujumbe wa simu za intaneti hupitia) kwenye ruta ya Dar es Salaam ili simu za Arusha ziingie. Tumfuate yupi? – Msomaji, Ilala

JIBU: Msimfuate hata mmoja. Mtambo wa pili kwa meza nane ni kuongeza kitu cha kutunza bila sababu. Ushauri wa pili ndio wa hatari zaidi, kwa kuwa zipo programu zinazozunguka kwenye intaneti usiku na mchana zikisaka mlango wa 5060 ulio wazi. Zikikuta ekstensheni (namba ya ndani ya simu) 101 yenye nywila 1234, mtambo wenu utapiga namba za ng'ambo za bei kubwa usiku kucha, na bili ni yenu.

Unganisheni ofisi mbili kwa VPN ya ruta kwa ruta, yaani njia ya faragha iliyofungwa kwa ufunguo ndani ya intaneti; programu ya WireGuard inatosha. Ofisi ya Dar pekee ndiyo inayohitaji anwani ya kudumu ya intaneti. Ruta ya Arusha ndiyo itakayoanzisha muunganisho, nanyi muiwekee ujumbe wa kuamsha njia kila sekunde 25. Mlango utakaofunguliwa Dar ni mmoja tu, 51820 wa UDP, na hauitikii asiye na ufunguo.

Mtandao wa ndani wa kila ofisi uwe na namba zake: Dar 192.168.10.0/24, Arusha 192.168.20.0/24. Mkiacha zote mbili kwenye 192.168.1.0, kama ruta nyingi zinavyotoka dukani, VPN itaonekana imeshika lakini simu hazitauona mtambo. Ekstensheni nazo zitengeni: Dar 101 na kuendelea, Arusha 201 hadi 208.

Kabla ya kununua chochote, pimeni njia yenyewe. Kwenye kompyuta ya Arusha andikeni ping -n 1000 ikifuatiwa na anwani ya ofisi ya Dar, saa nne asubuhi watu wakiwa kazini, si usiku. Majibu yarudi chini ya milisekunde 300, na yanayopotea yasifike 1 kwa 100. Setilaiti za angani juu kabisa, zile zisizosogea, hazifai: kwenda na kurudi huzidi milisekunde 500, na watu wataongea wakikatizana.

Kasi inayohitajika ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Simu moja kwa mfumo wa sauti wa G.711 ndani ya VPN hula kama kilobiti 110 kwa sekunde kila upande. Simu tano kwa mpigo hazifiki hata megabiti moja. Kwa nini basi sauti hukatakata kwenye laini ya megabiti 20? Kwa sababu ya foleni. Mtu mmoja anapakia picha za bidhaa, au kamera za ulinzi zinatuma video, basi pakiti za sauti, yaani vipande vya data vinavyobeba maongezi, zinasubiri nyuma ndani ya modemu ya mtoa huduma, mahali ambapo ruta yenu haina mamlaka. Dawa yake: wekeni kikomo cha kupakia kwenye ruta yenu kiwe asilimia 90 ya kasi halisi mliyoipima, ili foleni ijipange kwenu, kisha pakiti za sauti zitangulie. Fanyeni hivyo ofisi zote mbili. Hapa ndipo mafundi wengi wanaporuka, halafu lawama zinawaangukia watengenezaji wa simu.

Vifaa vya Arusha: simu nane zinazopokea umeme kwa kebo ya mtandao, swichi moja ya PoE yenye milango ya kutosha, na ruta inayoweza VPN pamoja na kupanga foleni. Muwe na laini ya pili ya 4G, maana VPN ikikatika hata 201 haiwezi kuipigia 202.

SWALI: Simu ya tawi letu inaingia kwenye mtambo bila VPN. Inaita na kupokelewa, ila mmoja anasikia na mwingine hasikii. Nyingine hukatika zenyewe baada ya nusu dakika. – Msomaji, Mwanza

JIBU: Mzizi ni mmoja. Mtambo unatangaza anwani yake ya ndani, kwa hiyo sauti inatumwa mahali pasipofikika. Uthibitisho wa kupokelewa simu nao unapotea njiani. Mtambo unarudia kuuomba kwa sekunde 32, kisha unakata. Kwenye Asterisk inayotumia PJSIP (sehemu yake inayoshughulikia simu za intaneti) jazeni external_media_address, external_signaling_address na local_net. Zimeni kipengele cha SIP ALG kwenye ruta zote mbili, kwani huandika upya ujumbe wa simu na mara nyingi huuharibu. Kagueni pia kama milango ya sauti, kwa kawaida UDP 10000 hadi 20000, inafika kwenye mtambo. Yote haya huisha mkihamia VPN, na ndivyo ningewashauri.

SWALI: Umeme ukikatika simu zote zinazima. Tununue UPS (kifaa cha betri ya akiba) ya ukubwa gani? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Swichi ya PoE, simu nane, ruta na kisanduku cha faiba kwa pamoja hutumia kama wati 60. UPS ya VA 650 yenye betri moja ya volti 12, Ah 7, itawapa nusu saa na ushei ikiwa betri ni nzima. Msichomeke printa ya leza humo. Inapopasha moto huvuta wati mamia, na UPS huzima papo hapo.