Wasomaji Wauliza: Jiwe la Pangoni Linajuaje Mvua ya Kale?

SWALI: Nilisikia redioni kwamba wanasayansi wameeleza jinsi mvua za pepo za msimu za China na India zilivyokuwa maelfu ya miaka iliyopita, kwa kuchunguza mawe yaliyoota ndani ya mapango. Zama hizo hakukuwa na kipimamvua wala mtu wa kuandika. Wamejuaje? Na je, mapango yetu ya Kilimanjaro, pamoja na mahandaki ya Wachaga kule Marangu, hayawezi kutupa historia kama hiyo?
Mwalimu wa jiografia, Majengo, Moshi

JIBU: Mvua inapopenya kwenye udongo wenye mizizi na majani yanayooza, maji yake huchukua gesi ya kaboni dayoksaidi na kuwa asidi hafifu, nayo asidi hiyo huyeyusha jiwe la chokaa kidogo kidogo. Maji hayo yakifika pangoni na kudondoka, gesi hutoka, na chokaa huganda. Inayoganda darini na kuning'inia ndiyo stalaktiti. Inayoinuka kutoka sakafuni ndiyo stalagmiti. Watafiti huipenda zaidi hii ya pili kwa kuwa matabaka yake hulaliana kwa mpangilio, la zamani chini na jipya juu, ingawa kwa mwaka mzima mara nyingi haikui hata milimita moja.

Umri wa kila tabaka hupatikana kwa urani, madini yenye mionzi ambayo polepole hugeuka kuwa kitu kingine kiitwacho thori. Madini haya huyeyuka majini, lakini thori haiyeyuki kwa urahisi. Kwa hiyo jiwe linapoganda huwa na urani kidogo na karibu halina thori. Kadiri miaka inavyopita, urani hugeuka kuwa thori kwa kasi inayojulikana, na uwiano wa vitu hivyo viwili hutoa umri hadi kufikia takriban miaka 600,000. Udongo ukichanganyika na jiwe huja na thori yake na kuvuruga hesabu, ndiyo maana jiwe safi hutafutwa kwa bidii.

Habari za mvua zimo katika oksijeni. Takriban atomu moja katika kila 500 za oksijeni ni nzito kuliko nyingine, na maji yenye atomu hizo hutangulia kuanguka mawingu yanapomwaga mvua. Mvuke uliosafiri mbali na kunyesha sana njiani hubaki na atomu nzito chache, na upungufu huo huandikwa katika chokaa. Mwaka 2001 watafiti walichapisha kumbukumbu ya pango la Hulu, karibu na Nanjing nchini China, na mabadiliko yake yakaonekana kwenda sambamba na mabadiliko ya joto yaliyohifadhiwa katika barafu ya kale ya Greenland. Mwaka 2016 kumbukumbu za mapango ya China ziliunganishwa hadi kufikia miaka 640,000, zikionyesha pepo za msimu zikipata nguvu na kudhoofu kwa kufuata kuyumba kwa mhimili wa dunia, ambako mzunguko wake ni wa takriban miaka 23,000.

Hapa naomba tahadhari, kwa sababu taarifa za redio huiruka. Jiwe halitoi milimita za mvua. Linatoa uwiano wa oksijeni, na uwiano huo huathiriwa pia na joto la pango, na bahari mvuke ulikotoka, na mvua iliyonyesha njiani kabla ya kufika hapo. Kuhusu China, wataalamu wengi sasa wanauona kuwa kielelezo cha nguvu ya mfumo mzima wa pepo, wala si kiasi cha mvua iliyoanguka juu ya pango lenyewe. Tofauti hiyo si ndogo hata kidogo.

Kwa upande wa India, stalagmiti ya pango la Mawmluh, jimboni Meghalaya, ilionyesha pepo za msimu zikidhoofu miaka ipatayo 4,200 iliyopita. Alama hiyo ilikubaliwa mwaka 2018 kuwa mwanzo rasmi wa kipindi cha kijiolojia tunachoishi sasa, kikaitwa kwa jina la jimbo hilo.

Sasa kwetu. Kilimanjaro ni mlima wa volkano: mapango yake ya asili yametokana na lava, na mahandaki ya Marangu yalichimbwa kwa mikono kwa ajili ya kujificha wakati wa vita. Jiwe la chokaa halipo, basi kisa hicho hakiwezi kuanza. Chokaa utaikuta Amboni, nje kidogo ya jiji la Tanga. Lakini mkoa wako, mwalimu, una kitu ambacho mimi nakithamini zaidi: Ziwa Chala, lililo mpakani na Kenya, ambalo tope lake hutua kwa matabaka membamba, na watafiti wamesoma humo historia ya miaka 25,000 iliyopita. Mwaka 2016 lilichorongwa zaidi ya mita 200 chini ya sakafu yake. Nayo barafu ya kileleni, iliyochorongwa mwaka 2000, ilitafsiriwa na watafiti wake kuwa na umri wa miaka ipatayo 11,700 na kuonyesha ukame mkali miaka ipatayo 8,300, 5,200 na 4,000 iliyopita.

SWALI: Kama jiwe linajua mvua za kale, linaweza kutuambia masika ijayo itakuwaje?
Mkulima, Ngaramtoni, Arusha

JIBU: Hapana. Kwa masika ijayo sikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo huangalia joto la bahari na mwenendo wa pepo wa sasa. Kazi ya jiwe ni nyingine: kuonyesha pepo za msimu zimewahi kubadilika kwa kiasi gani na kwa haraka gani, ili programu za kompyuta zinazokadiria hali ya hewa ya miongo ijayo zipimwe kwanza kwa yale yaliyokwisha kutokea.