Maswali na majibu ya jikoni: cha kunywa adhana ya Magharibi ikilia

Tangu mwezi uandame, karibu maswali yote yanayonifikia ni ya kinywaji cha kufuturia. Nimeyachagua yale yanayojirudia na nimeyajibu moja moja. Niseme mapema msimamo wangu, maana utauona kila mahali humu: kinywaji cha futari kazi yake ya kwanza ni kukata kiu. Utamu ni heshima tunayokiongezea, na heshima ikizidi kipimo inageuka mzigo kwa mtu aliyeshinda na tumbo tupu.

Asalaam aleikum bi. Juisi yangu ya ukwaju hutoka kali. Nikiongeza sukari inakuwa nzito, na watoto wakishaimaliza wanaomba maji. Nakosea wapi? (Mama wa watoto wanne, Tanga)

Waaleikum salaam, mwanangu. Unapigana na ukali kwa sukari, na ukwaju haushindwi hivyo. Ukali wake unatokana na asidi, na sukari haiiondoi, inaifunika tu. Ndiyo maana koo linabaki kavu. Dawa ya ukali ni maji.

Chukua ukwaju uliomenywa, gramu 250. Umwagie lita moja ya maji yaliyochemka, ufunike, uuache nusu saa. Usiupike. Ukichemka muda mrefu jikoni unapoteza ile harufu yake na unabaki na ladha ya kitu kilichoungua kidogo. Maji yakipoa kiasi cha mkono kuvumilia, ufikiche kwa vidole mpaka kokwa zitoke safi, kisha uchuje mara mbili: kwanza kwa chungio la kawaida, halafu kwa kitambaa cheupe. Ongeza lita nyingine moja ya maji baridi. Hapo ndipo uonje, kabla hujagusa sukari.

Sukari iyeyushe pembeni kwa maji moto kidogo, na iliki nne zilizotwangwa na kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba. Mimi hutumia gramu 150 kwa zile lita mbili. Ukigawa kwa glasi nane, kila glasi inapata karibu vijiko vitano vya chai, na hiyo tayari ni tamu. Mimina kidogo kidogo huku ukionja. Mwisho tia chumvi, chembe tu ya kushika kwa vidole viwili. Haitasikika kama chumvi, ila ukali utalainika na utaona huhitaji sukari yote uliyoiandaa.

Kuhusu chombo. Mama yangu aliroweka ukwaju baada ya sala ya Adhuhuri katika bakuli la udongo, na akitukuta tunauhamishia kwenye sufuria alikuwa mkali sana. Sikumwelewa mpaka nilipokuwa na nyumba yangu, nikauacha ukwaju kutwa nzima katika sufuria ya alumini. Ulitoka na ladha ya chuma na sufuria ikabadilika rangi ndani. Asidi inaila alumini. Tumia udongo, kioo, au chuma kisichoshika kutu.

Waarabu huuita ukwaju tamri hindi, yaani tende ya Bara Hindi, ingawa mti wenyewe asili yake ni hapa kwetu Afrika. Kwa hiyo wafundishe wanao kuupenda. Ni mti wao.

Shikamoo mama. Mimi ni bachela, friji sina. Niliandaa jagi la ukwaju Ijumaa, Jumapili nikakuta limetoa povu na linauma ulimi kama soda. Naweza kulifuturia? (Temeke, Dar es Salaam)

Marahaba mwanangu. Mwaga, tena leo. Hamira ya asili iliyomo hewani na kwenye tunda imekula sukari yako na inaigeuza kuwa kileo. Povu ndiyo dalili yake. Hapo si suala la tumbo peke yake, ni suala la dini pia, na mfungaji hana sababu ya kukaribia shaka.

Jambo hili si geni. Katika hadithi iliyomo kwa Muslim, Bibi Aisha anaeleza kuwa walikuwa wakimrowekea Mtume (S.A.W.) asubuhi akanywa jioni, na wakiroweka jioni akanywa asubuhi. Kinywaji cha kuroweka kilikuwa cha muda mfupi, nacho kilikuwa halali na kitamu. Katika joto letu la kaskazi, ukwaju uliotiwa sukari ukiwa nje ya friji unywewe siku ileile. Kwenye friji usizidi siku tatu.

Wewe huhitaji jagi. Ukwaju mkavu haudai friji, unakaa kwenye kopo lenye mfuniko. Ukifika nyumbani, chukua kipande cha ukubwa wa yai, kiweke kwenye kikombe kikubwa, mimina maji moto ufunike. Adhana ikilia fungua kwa tende na maji, nenda kasali Magharibi. Ukirudi umeshalainika. Fikicha, chuja, ongeza maji, tia kijiko kimoja au viwili vya sukari. Utakunywa kitu kipya kila siku, na hakuna cha kumwaga.

Dada, nimeletewa mabungo kutoka Unguja, yamegandishwa. Huku watoto hawajawahi kuyaonja na nina hofu ya kuyaharibu. (Muscat, Oman)

Dada yangu, umenifanya nisikie harufu yake nikiwa nimefunga! Kwa asiyelijua, bungo ni tunda la mtambaa wa porini, ganda gumu la rangi ya chungwa, na ndani kokwa zilizovikwa nyama laini. Unguja, Pemba na Tanga mtu akilipasua sebuleni, aliye uani anajua.

Yayeyushie ndani ya friji usiku kucha, si juani wala kwenye maji moto. Kokwa na nyama yake zitie kwenye bakuli, mimina maji ya baridi kiasi cha kuzifunika, acha saa moja, kisha uzisugue kwa mwiko dhidi ya chungio mpaka nyama yote ishuke. Ukitaka kutumia blenda, bonyeza na uachie mara mbili tatu tu. Kokwa zikisagika, juisi inakuwa chungu na hakuna sukari itakayoiokoa. Wengi huyachemsha. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu bungo bila harufu yake ni ukakasi mtupu.

Sukari utaihitaji, bungo ni kali kweli. Lakini usitie iliki, usitie arki, usitie chochote. Na wape watoto wako wapasue wenyewe lile la kwanza.

Asalaam aleikum. Mume wangu ana kisukari na daktari amemruhusu kufunga. Ananiomba juisi ya ukwaju kila siku, na mimi nimebadili sukari kwa asali. Nipo sawa? (Likoni, Mombasa)

Waaleikum salaam wifi yangu. Asali si njia ya kukimbia. Mwilini inahesabiwa pamoja na sukari, na hata sukari ya juisi ya matunda iliyokamuliwa inaingia hesabu hiyohiyo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linashauri sukari ya namna hii isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Hiyo 5 kwa mtu mzima ni takriban gramu 25, vijiko sita vya chai kwa siku nzima. Hapo namsema mtu mzima wa afya. Glasi moja ya juisi za futari tulizozoea inaweza kuimaliza yote kabla mtu hajagusa kaimati.

Nifanyeje basi, utaniuliza. Usimnyime ukwaju, ubadilishe. Uroweke mwepesi, gramu 100 kwa lita mbili, utie majani ya nanaa yaliyopondwa, vipande vya tangawizi na ile chembe ya chumvi. Utamu wake autoe kwenye tende anayofungulia, moja, nyingine akiruhusiwa na daktari, akiitafuna polepole na kushushia ukwaju huo. Tende kavu zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari, kwa hiyo kuitia tena sukari kwenye glasi ni kumlipisha mara mbili. Kabla ya yote anywe maji matupu. Ukinywa juisi na kiu ya kutwa nzima, utakunywa glasi tatu bila kujijua.

Lililo muhimu kuliko mapishi ni kipimo. Apime sukari mchana, asisubiri kujisikia vibaya. Ikishuka chini ya 3.9, kwa mashine zinazoonyesha milimoli, afungue pale pale hata kama jua halijatua. Hapo ndipo kinywaji kitamu kinakuwa dawa: maji yenye vijiko vitatu au vinne vya sukari, kisha apime tena baada ya dakika 15. Dini yetu haikumlazimisha mgonjwa kujiangamiza, na siku hiyo ataulizia namna ya kuilipa. Saa na kiasi cha dawa msibadilishe wenyewe, hilo ni la daktari wake.

Umeandika kwa wasiwasi wa mtu anayempenda mwenzake. Kaa naye mnywe hicho hicho wote wawili. Mgonjwa anayeona jagi tamu upande wa pili wa mkeka anajaribiwa kila jioni.

Shangazi, wanangu hawataki juisi ya nyumbani. Wameona kwa jamaa wa Dubai, sasa futari kwao ni Vimto tu. (Leicester, Uingereza)

Mwanangu, waambie kwanza kuwa kinywaji hicho kilizaliwa huko huko Uingereza, Manchester, mwaka 1908, kikiuzwa kama kinywaji cha kutia nguvu. Ghuba kilifika baadaye, kikapendwa na wafungaji mpaka leo wengi wanadhani ni cha Waarabu. Si haramu wala si adui. Ile ya chupa nzito hukolezwa ili ichanganywe na maji, basi ichanganye kama ilivyoandikwa, usiikadirie kwa macho, na iwe ya Ijumaa na wageni.

Kwa siku nyingine wanywe rozela, inayoshindana nayo kwa wekundu. Maua makavu yanapatikana kwenye maduka ya Waarabu na Waafrika. Gramu 30 kwa lita moja na nusu ya maji yanayochemka, kijiti cha mdalasini, dakika 15, chuja, sukari kidogo, barafu. Mtu anayekunywa dawa za presha amuulize daktari kwanza, kwa kuwa rozela nayo hushusha presha.

Faluda yangu haina zile mbegu zinazoteleza, zinabaki ngumu. (Malindi)

Tukmaria hazitiwi kwenye maziwa zikiwa kavu. Ziroweke kwenye maji ya kawaida, kijiko kimoja kwa kikombe kimoja, nusu saa, mpaka kila mbegu ivae koti lake. Kisha ndiyo uzitie kwenye maziwa baridi. Arki ya waridi iwe matone, si kijiko. Na faluda niionavyo mimi si ya kufungulia, ni ya baada ya Tarawehe, tumbo likishatulia.

Mkwe wangu anasema kinywaji baridi kwenye tumbo tupu ni balaa, tuanze na uji. Mimi naungua na kiu! (Wete, Pemba)

Mheshimu mkwe wako, na uji wa pilipili manga ni mzuri kweli. Lakini hamna ugomvi. Sunna imeshawapatanisha: katika hadithi ya Anas, Mtume (S.A.W.) alifungua kwa rutabu, yaani tende mbivu zisizokaushwa, zisipokuwapo tende kavu, zisipokuwapo mafunda ya maji. Mafunda, si jagi. Anza na tende na mafunda ya maji ya mtungi, ambayo ni baridi ya kutosha na hayashtui tumbo. Msali. Kisha yeye ashike bakuli lake la uji na wewe glasi yako. Kinacholeta maumivu mara nyingi ni kugugumia maji ya barafu kwa pupa.

Tunafuturisha watu 60 msikitini Jumamosi, nimepewa jukumu la juisi. Naomba vipimo vya ukwaju. (Tabora)

Allah akutakabalie, kaka. Kwa glasi ya robo lita kila mtu, unahitaji lita 15. Ukwaju uliomenywa kilo mbili kasoro kidogo, sukari kilo moja na ushei, iliki 30, tangawizi ya kujaza kiganja. Maji yote yachemshwe usiku wa kuamkia siku hiyo, hata yale ya kuongezea, maana maradhi ya kuhara husafiri kwa maji baridi ya kuongezea kuliko yale ya kurowekea. Roweka baada ya Alasiri, si asubuhi. Barafu igandishwe kwa maji yaleyale yaliyochemshwa, ndani ya chupa safi zilizofungwa, na uzitumbukize chupa zenyewe kwenye ndoo. Zitapoza bila kuizimua juisi, na hutokuwa na wasiwasi wa barafu ya kununua.

Weka jagi moja pembeni lisilotiwa sukari kabisa, uliandike wazi. Katika watu 60 hawakosi wenye kisukari, na wengi wanaona haya kuuliza. Ndoo zifunikwe kwa kitambaa kisafi, na achote mtu mmoja tu, kwa upawa mmoja wenye mpini mrefu, mpaka glasi ya mwisho.